Adventureland ya California na ya Florida si nakala moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu hoja ya msomaji mwenzangu wa Nakuru, aliyeandika hivi majuzi kwamba bustani za burudani za kampuni ya Disney nchini Marekani ni nakala za bustani moja, kwamba aliyeiona moja amezimaliza zote, na kwamba Mkenya mwenye jamaa huko akijaliwa kupata nauli na aende Florida moja kwa moja, kwa kuwa ndiko kwenye bustani kubwa na iliyojengwa baadaye. Kuhusu nauli sina ugomvi naye. Ninachokipinga ni hoja ya nakala, na nitaipinga kwa kutumia eneo moja tu lililo katika bustani zote mbili kwa jina lilelile, yaani Adventureland. Eneo hilo nimelizuru California na Florida nilipokwenda kuwatembelea wanangu wanaofanya kazi huko. Isitoshe, kivutio chake kikuu ni safari ya mashua mtoni ambayo sehemu yake inadai kupita Afrika, na mtu aliyeongoza watalii kwa mashua hapa Dunga, kwenye Ziwa Victoria, kwa sehemu kubwa ya maisha yake hawezi kukaa ndani ya mashua ya namna hiyo bila kuipima.

Ili tuelewane, inafaa kwanza kukumbuka jinsi bustani hizi zilivyozaliwa. Disneyland ya mjini Anaheim, California, ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 palipokuwa na mashamba ya michungwa, katika kiwanja cha ekari 160 hivi kilichotakiwa kutosha bustani yenyewe, maegesho ya magari na mengine yote. Haukupita muda hoteli na biashara za watu wengine zikaizingira pande zote, jambo lililomkera sana Walt Disney. Alipotafuta mahali pa kujenga tena, kampuni yake ilinunua ardhi karibu na Orlando, Florida, kimyakimya na kwa majina ya kampuni nyingine zilizoundwa kwa kazi hiyo tu, hadi ikawa na zaidi ya ekari 27,000. Yeye mwenyewe alifariki Desemba 1966, na ni kaka yake, Roy, aliyeusimamia ujenzi mpaka Magic Kingdom, ambayo ndiyo bustani ya Florida ninayoizungumzia, ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Kwa hiyo bustani ya kwanza ilijengwa na mtu aliyebanwa na mipaka, ambaye hakuwa na mfano wa kuufuata, na ya pili ikajengwa na watu waliokuwa na nafasi tele pamoja na mfano uliokwisha kupendwa. Tofauti karibu zote nitakazozitaja zinatokana na jambo hilo.

Mtu akiingia Adventureland ya California anaikuta njia nyembamba, na kabla hajatembea sana amekwisha kuliona jumba la ndege wa mitambo, gati la mashua, nyumba iliyo juu ya mti na lango la hekalu la Indiana Jones, yule shujaa wa filamu. Vitu hivi havikupangwa kimoja baada ya kingine tu, bali vimeingiliana. Ukipanda ile nyumba ya mtini, unaziona mashua zikipita chini yako, na ukikaa kula kwenye mkahawa wa Tropical Hideaway, uliofunguliwa mwisho wa mwaka 2018 kando ya mto, unaweza kumsikia nahodha akiwatania abiria wake hata kama hukupanga foleni. Gharama ya mpango huo ni msongamano. Mchana wa likizo, vigari vya watoto hugongana pale, na mtu mwenye haraka atachukia kila hatua.

Ile ya Florida ina nafasi. Barabara zake ni pana, majengo yamekaa mbalimbali, na mtu anayesukuma kiti cha magurudumu atashukuru sana. Lakini upana huo una upungufu wake, nao ni kwamba kila kivutio kinasimama peke yake. Katikati ya uwanja, mahali ambapo jicho lingetafuta msitu, pamewekwa tangu mwaka 2001 mazulia ya Aladdin yanayozunguka hewani, pamoja na sanamu za ngamia wanaowatemea wapita njia maji. Watoto huyafurahia, nami sitawanyima furaha yao, ila mtu aliyetoka kwenye daraja la kuingilia akiamini kwamba anaingia nchi ya mito na misitu hujikuta ghafla kwenye uwanja wa michezo ya sherehe. Mbele yake tena kuna majengo ya mtindo wa Kihispania, ambayo ni mazuri, lakini yanasimulia hadithi nyingine kabisa.

Majengo hayo ya Kihispania ndiyo makao ya safari nyingine ya mashua, ile ya maharamia wa Karibi, na hapo msomaji wa Nakuru angepaswa kutua na kutafakari. Safari hiyo ya maharamia ilifunguliwa California tarehe 18 Machi 1967, na haikuwekwa Adventureland hata kidogo. Iko katika eneo jirani linaloitwa New Orleans Square. Waliopanga bustani ya Florida hawakutaka kuijenga kwao, kwa kuwa waliona kwamba Florida iko jirani mno na Karibi yenyewe na kwamba habari za maharamia zisingekuwa jambo geni kwa watu wa huko. Badala yake walipanga safari ya mashua kupitia nchi ya makauboi. Wageni hawakukubaliana nao. Walipofika wakawa wanauliza maharamia wako wapi, na kampuni ikalazimika kuwajenga kwa haraka, wakafunguliwa Desemba 1973, huku ile safari ya makauboi ikibaki kwenye karatasi hadi leo. Ndiyo maana maharamia wa Florida ni mukhtasari: California mtu hukaa ndani ya mashua kwa takriban robo saa na huporomoka mara mbili kwenye maji ya giza, ilhali Florida anaporomoka mara moja na hazifiki dakika kumi kabla hajatoka. Foleni ya Florida, iliyo ndani ya ngome ya mawe, inapendeza zaidi. Safari yenyewe haiifikii ya dada yake.

Sasa nije kwenye mashua za Jungle Cruise, ambazo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Bustani zote mbili zilifunguliwa zikiwa nazo, na ukizitazama kijuujuu utasema ni kitu kimoja. Mashua ina paa la turubai, nahodha anasimama mbele akishika usukani na kusema mizaha isiyokwisha, na maji yametiwa rangi hata huoni chini. Rangi hiyo imewekwa makusudi, kwa sababu chini ya maji kuna reli inayoiongoza mashua njia nzima. Usukani haugeuzi chochote. Nahodha anaweza kuongeza mwendo, kuupunguza au kusimama, basi. Nilipomwona kijana wa watu akikata kona kwa mikono miwili na kutoa jasho nilimhurumia kidogo, kisha nikamsifu, maana kazi yetu nasi ina maigizo yake, na mtalii anayeogopa hutulizwa na mikono ya nahodha kuliko maneno yake.

Katika bustani zote mbili kuna bwawa la viboko, na nahodha huwaambia abiria kwamba kiboko akitikisa masikio na kutoa mapovu yuko tayari kushambulia. Huo ni mzaha, na nauheshimu kama mzaha. Kiboko anapoibuka huyapepesa masikio ili kuyakung'uta maji, na hapa Dunga ukimwona akifanya hivyo bila kukugeukia, unaweza kuendelea na hadithi yako. Wa kuogopwa ni yule anayepanua kinywa mpaka unayaona meno yote akiwa amekuelekea, na zaidi yake ni yule aliyekuwa akikutazama kisha akazama, nawe hujui anakuja upande gani. Hata hivyo sanamu zile zimetengenezwa na watu waliotazama vizuri: masikio yanazunguka nusu duara kwa haraka inayostahili, na macho yanatangulia pua kutoka majini kwa kiasi kidogo tu. Tofauti niliyoiona ni ya umbali. Mto wa California ni mwembamba, hivyo kiboko anaibuka karibu na ubavu wa mashua kiasi kwamba mtoto aliyekaa ukingoni huurudisha mkono wake. Florida mto umepanuliwa, viboko wako mbali kidogo, na abiria wanawatazama kama watu wanaotazama maonyesho.

Inajulikana kwamba Walt Disney alitaka wanyama hai katika mto wake wa kwanza, akashauriwa kwamba wangejificha au kulala mchana kutwa, na wageni wangepita bila kuona kitu. Mshauri yeyote aliyewahi kumtafutia mtalii mnyama saa nane mchana angemwambia vivyo hivyo. Mwanzoni sanamu zilikuwa chache na safari ilisimuliwa kwa uzito zaidi ya mzaha. Ucheshi ulizidishwa na msanii Marc Davis, aliyebuni tembo wanaooga, walioongezwa California mwaka 1962, na mandhari ya mbuga iliyowekwa mwaka 1964, ambamo simba wanakula pundamilia huku wanyama wengine wakiwatazama kutoka juu ya mwamba. Wapo wanaodhani kwamba mandhari hiyo ni ya uongo. Kwa kweli mnyama wa mbuga hutambua simba aliyekwisha kupata chakula chake, na husimama pale pale akimtazama. Florida ilipokea mambo haya yote yakiwa yamekamilika tangu siku ya kwanza, na kwa hiyo haina yale makovu ya kurekebishwarekebishwa ambayo California inayo kila kona.

Kuna jambo moja ambalo mto wa Florida unaushinda wa California bila ubishi, nalo ni hekalu. California mashua hupita kando ya magofu yaliyo wazi juani; Florida mashua huingia ndani kabisa ya gofu la mtindo wa Kambodia, taa hupungua, sauti ya nahodha hubadilika kwa mwangwi wa kuta, na katika giza hilo kuna chui-milia na nyoka aina ya swila. Kilichoruhusu hilo ni nafasi ya ardhi, na hapo waliitumia vizuri. Laiti wangeitumia hivyo kila mahali.

Kuhusu majina ya mashua, nitasema kwa ufupi kwa kuwa huenda yananifurahisha mimi peke yangu. Florida baadhi zimepewa majina ya mito ambayo hata wanafunzi wetu wa jiografia hawaitaji: Rutshuru, Bomokandi, Sankuru, Wamba, yote ya Kongo, na huo Rutshuru unamwaga maji yake katika Ziwa Edward, ng'ambo tu ya Uganda. California kuna mashua zenye majina ya Nile, Kongo na Zambezi, lakini pia kuna Suwannee na Kissimmee, ambayo ni mito ya Florida! Maporomoko ya maji katika bustani zote mbili yana jina la Albert Schweitzer, daktari aliyekuwa na hospitali Lambaréné nchini Gabon. Nzoia, Yala na Sondu hazikufika popote, ingawa mto wa Nile unaotajwa kwa fahari katika mashua hizo unatoka katika ziwa letu hili.

Jambo ambalo watu wengi hawalitazami ni miti, na kwangu ndilo lililoamua shauri. California ya kusini ni nchi kavu, mvua yake ni haba, na msitu wa Adventureland usingeota pale bila kumwagiliwa. Bill Evans, mtaalamu wa bustani aliyepewa kazi hiyo, hakuwa na pesa za kutosha wala muda, hivyo alikusanya miti iliyokuwa ing'olewe ili kupisha barabara kuu za Los Angeles, na baadhi ya michungwa iliyokuwa imeng'olewa akaipanda vichwa chini, mizizi ikielekea juu ionekane kama matawi ya mti wa ajabu. Mwaka 1955 msitu huo ulikuwa wa vijiti. Leo matawi ya pande mbili za mto yamekutana juu, na hali ya hewa chini yake ni nyingine kabisa na ile ya njiani. Florida, ambako joto na unyevu ni wa kutosha na mvua ya radi hunyesha karibu kila alasiri ya majira yao ya joto, msitu ungeweza kuota wenyewe, na kwa kweli umeota. Lakini mto ni mpana, anga linaonekana muda mwingi, na jua la saa sita linaingia mpaka kwenye mapaja ya abiria. Nchi kavu ndiyo iliyopata msitu mzito, kwa sababu waliokuwa na mahali padogo walilazimika kujificha nyuma ya majani ili mgeni asilione eneo jingine la bustani lililo hatua chache tu upande wa pili.

Yapo mambo ambayo dada hawa wawili walifanana, na si ya kujivunia. Katika mito yote miwili palikuwa na sanamu za Waafrika wakirusha mikuki na kucheza ngoma za vita, palikuwa na mfanyabiashara aliyeuza vichwa vya watu vilivyokaushwa, na palikuwa na ule mlingoti maarufu ambao kundi la wawindaji limeupanda likimkimbia kifaru, mzungu akiwa juu kabisa na wapagazi weusi chini yake, wa mwisho akiwa karibu na pembe. Abiria walicheka. Mimi nilikuwa nimekaa miongoni mwao nikiwa nawaza kwamba katika kazi yangu yote sijamwona mpagazi asiyejua kifaru anaanzia wapi, na kwamba aliyepaswa kubaki chini ni yule aliyevaa kofia. Januari 2021 kampuni ilitangaza kwamba itayaondoa mambo hayo katika bustani zote mbili, na mwaka huohuo ikayaondoa. Sasa wanaomkimbia kifaru ni kundi la wasafiri wa asili mbalimbali, na mashua yao iliyovunjika imetekwa na sokwe. Mzaha umebaki na haujapungua nguvu. Kuna watu waliolalamika kwamba historia imefutwa, lakini sijui ni historia gani hiyo, maana hakuna mto duniani unaoanzia Amazon ukaishia Kambodia ambao historia yake ingehifadhiwa.

Jumba la ndege wa mitambo nitalipita haraka. California lilifunguliwa Juni 1963 na mpaka sasa ndege wanaimba karibu vilevile. Florida mwaka 1998 waliingizwa ndege wa filamu wenye makelele, kukatokea moto Januari 2011, na baada yake kampuni ikarudisha onyesho la zamani, lakini likiwa fupi. Nyumba ya mtini nayo imekwenda kinyume: Florida imeiacha kama ilivyokuwa mwaka 1971, ilhali California iliibadilisha kuwa ya Tarzan mwaka 1999, ikaifunga, kisha ikaifungua upya Novemba 2023 ikiwa na sura iliyokaribia ile ya mwanzo. Mananasi yaliyogandishwa ni matamu katika bustani zote mbili.

Kivutio ambacho Florida haina, na ambacho peke yake kinaivunja hoja ya nakala, ni Indiana Jones, kilichofunguliwa Adventureland ya California Machi 1995. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi, jengo lake lilijengwa nje ya tuta la udongo linalozunguka bustani, palipokuwa sehemu ya maegesho ya magari, na ilibidi mkondo wa mto wa Jungle Cruise usogezwe ili foleni ipate njia. Mgeni anatembea mwendo mrefu katika mahandaki na vyumba vya mawe kabla hajaliona gari, na wengi hawatambui kwamba wamekwisha kutoka nje ya bustani. Gari lenyewe huenda juu ya njia laini isiyo na mashimo, lakini mitambo ya majimaji iliyo chini ya viti hulirusha na kuliinamisha, hata abiria anaapa kwamba amepita kwenye mashimo. Aliyewahi kupanda matatu ya kwenda mashambani msimu wa mvua ataujua mtikiso huo mara moja. Hayo yote yalizaliwa na ukosefu wa kiwanja. Florida, yenye ekari zake zote, haikujisumbua kuchimba njia ya namna hiyo katika Adventureland yake.

Najua nitajibiwa kwamba Florida ina bustani nyingine, Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 1998, ambako magari ya safari hupita katikati ya twiga, viboko na simba walio hai, na kuna mji uliobuniwa kwa mfano wa miji ya pwani yetu. Ni kweli, na anayetaka wanyama hai na aende huko, ingawa Mkenya atakayelipa nauli ya kwenda Orlando kutazama twiga itabidi awe na sababu nzuri ya kuwaeleza jamaa zake wa Naivasha. Lakini hiyo ni bustani nyingine yenye tiketi yake. Tulikuwa tukizungumzia Adventureland.

Kwa hiyo, anayesafiri kwa ajili ya mashua, msitu na hekalu, ningemshauri aende Anaheim, aingie asubuhi mapema kabla vigari vya watoto havijajaa, na aipande Jungle Cruise tena baada ya jua kuzama, nahodha anapomulika viboko kwa taa. Anayekwenda na mzee asiyeweza kusukumana na watu, Florida itamfaa zaidi. Na ndugu yangu wa Nakuru, ikiwa bado anashikilia kwamba aliyeiona moja amezimaliza zote, namwomba kupitia ukurasa huu atueleze ni kivutio gani katika Adventureland ya Florida kilichochukua nafasi ya Indiana Jones, maana mimi nilikitafuta kutoka darajani mpaka kwa maharamia na sikukiona.

Wako mwaminifu,
Mwongozaji watalii mstaafu,
Dunga, Kisumu